Kitufe Ambacho Aleida Hakukibonyeza

Miaka mitatu tuliijenga Haarlem ile ya njaa,
mimi na Jorrit na wenzetu wanne
chumbani juu ya duka la baiskeli.
Theluji tuliipima kwenye picha za zamani: ilifika magotini.
Mbao za katikati ya reli za tramu tuliziacha zing'oleke,
kama walivyozing'oa wenyewe usiku, wakapikie.
Njaa tuliipa namba.
Kila saa ya mchezo hupunguza mbili,
kitunguu cha ua la tulipu huongeza moja.
"Moja," aliuliza Jorrit, "au moja na nusu?"
Nikampigia bibi simu.
"Kilikuwa kinawasha koo," akasema. "Andika hilo."

Siku ya majaribio alikuja na kofia yake ya sufu,
miaka tisini na mmoja, kahawa hataki,
akakishika kidhibiti kwa mikono miwili
kama mtu aliyekabidhiwa ndege hai.
Alitembea vizuri. Alibisha milango.
Aliiba makaa ya mawe, akacheka, akaangalia kama nimemwona.

Kisha ngazi.
Nusu ya vidato vimeshachomwa jikoni.
Mama anakohoa nyuma ya pazia.
Kigari cha mtoto kisicho na mipira kimesheheni mashuka
ya kubadilishana na viazi huko mashambani,
na kaka mtu amekaa, miaka kumi na miwili, anafunga kiatu.
Tulimwita Sjoerd. Jina lake sikulitumia,
sikutaka kumtonesha bibi kidonda.
Skrini ikaandika: *Bonyeza, aondoke.*

"Wiebe," akasema bibi.
Na baadaye: "Soksi zilikuwa nyekundu. Nilimwazima mimi."

Hakubonyeza.
Mvulana akavuta pumzi, akashusha;
pumzi ya sekunde nne tuliyomchorea
asije akaonekana mwanasesere.
Akavuta, akashusha.
Mama akakohoa. Kiatu hakikwisha kufungwa.
Jorrit akaninong'oneza: njaa imesimama, tazama,
mtu asipobonyeza namba haishuki,
hilo ni kosa langu, kesho nalirekebisha.
Dakika kumi. Ishirini. Basi la bibi likapita.
Akamsemesha yule mtoto kwa Kifrisia cha kwao,
lugha ambayo mama yangu hakunifundisha.

Wahenga husema yaliyomwagika hayazoleki.
Mchezo wetu ulikuwa ukiyazoa kila mara:
ukifa kwenye barafu unarudishwa mlangoni,
mkavu, na mashuka yako, na njaa yako ileile.
Nilijivunia hilo. Nikainama sikioni pake:
"Kuna miisho mitatu, bibi. Katika mmoja anarudi.
Ukimpitisha njia ya kaskazini, anarudi na viazi."

"Nani kakwambia nataka mwisho?"

Vidole vyake havikuondoka, wala havikushuka.
"Mama alikuwa usingizini," akasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mkate.
"Hakumtuma mama.
Mimi ndiye niliyemwambia, nenda."

Jorrit akatoka nje kuvuta sigara, naye havuti.

Kosa lile tuliliacha.
Sasa barua zinakuja: mchezo wenu umekwama ngazini,
turudishieni pesa. Nyingine hazidai kitu.
Mwanamke mmoja wa Gdańsk ameandika
aliiacha mashine ikiwaka mpaka asubuhi
akalala sebuleni, asimwache mtoto peke yake.

Zilibaki soksi. Jorrit alifungua kisanduku cha rangi,
nyekundu mia na zaidi zimejipanga kiooni.
"Ipi?"
Nikampigia bibi simu.
Alikaa kimya, nikasikia redio yake, utabiri wa hali ya hewa.
"Iliyofifia," akasema. "Ilikuwa sweta ya baba, tuliifumua.
Na ule wa kushoto una tobo kisiginoni.
Msilizibe."